Upepo wa mipira: yaliyonifika na gari yangu ya kwanza Pemba

Mdogo wangu anateremshiwa gari yake Mkoani mwezi ujao, inshaallah. Ni gari yake ya kwanza, na kila tukizungumza kwa simu ananiuliza yale yale niliyokuwa nikiuliza mimi mwaka juzi: bima, usajili, fundi gani wa kumwamini, oili gani. Upepo wa mipira (wenzetu wa Bara wanasema tairi) hajauliza hata mara moja. Na mimi sikuuliza. Kutouliza huko kulinila zaidi ya laki sita, na kidogo tu ningempoteza mama yangu. Ndiyo maana nimekaa nimeandika, kwa ajili yake na kwa yeyote anayesubiri gari kama yeye.

Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete. Gari niliinunua kwa akiba ya miaka minne pamoja na zamu yangu ya upatu: gari ndogo ya Kijapani yenye nyuma ndefu ya kupakilia mizigo. Huko kwao ilishatumika miaka tisa, lakini kwangu ni mpya. Ilishushwa Unguja, ikavushwa kwa meli hadi Mkoani, na ami yangu akafuatana nami kwenda kuipokea. Tuliizunguka tukaikagua taa, vioo, injini. Kwenye mipira ami aliipiga teke mmoja mmoja, akaibonyeza kwa kidole gumba, akasema, "Huu wa nyuma kushoto umelala kidogo, mwanangu. Mingine iko sawa."

Tuliamini, kwa sababu kila mtu hupima hivyo. Sasa najua kuwa mpira wa siku hizi hauonyeshi shida yake kwa macho. Ubavu wake ni mlaini kwa makusudi, hata ukiwa na upepo kamili huonekana umebonyea kidogo pale unapokanyaga chini. Nimejaribu baadaye nyumbani: mpira mmoja nimeutia 33 (ni paundi, psi, kipimo cha upepo), wa pili nimeushusha hadi 26, nikamwita kila aliyepita aniambie upi una upepo mdogo. Wengi walikosea. Ami naye alikosea, na huyo ameendesha lori miaka 20.

Njiani tukasimama kwenye kibanda cha pancha. Ilikuwa saa 8 mchana, jua la Machi, lami inachoma. Kijana wa pancha akaniuliza, "Nitie ngapi, dada?" Nikamtazama ami, ami akamtazama kijana. Kijana akainama akasoma maandishi yaliyo ubavuni mwa mpira. Paliandikwa MAX, na mbele yake 44. Akasema, "Mpira wenyewe unasema 44. Nakutilia 42 yote minne. Barabara zetu mbovu hizi, upepo mwingi ndio unaosaidia."

Nilimpa 2,000 na nikamshukuru kwa moyo wote. Simlaumu, alinisaidia kwa kadiri alivyofundishwa. Lakini ile namba ya ubavuni ni mwisho wa uwezo wa mpira, yaani usiuvuke. Haihusu gari yako. Mpira wa aina moja unaweza kufungwa kwenye gari nyepesi na kwenye gari nzito, na aliyeutengeneza hajui utafungwa wapi. Anayejua upepo unaotakiwa ni aliyetengeneza gari, naye ameuandika kwenye gari. Nilikuwa naufungua mlango wa dereva kila siku, kibandiko kiko usoni pangu, na nilikaa nusu mwaka bila kukitazama.

Wiki za mwanzo gari ilikuwa inarukaruka. Kila shimo lilifika kwenye uti wa mgongo. Mama, ambaye mgongo wake unamsumbua siku nyingi, aliniomba kwa upole nisimpandishe tena mpaka "gari izoee". Masika yalipoanza nikaona jambo jingine: kwenye miteremko ya Chake barabara ikiwa imelowa, nikigusa breki gari inateleza kabla ya kushika. Mpira uliojaa kupita kiasi huvimba katikati, kwa hiyo unakanyaga kwa utepe mwembamba tu wa kati badala ya upana wake wote. Mimi nilidhani breki mbovu. Nikabadilisha pedi za breki za mbele zisizo na tatizo lolote, 60,000.

Kosa la pili ndilo baya zaidi, na nililifanya kwa mkono wangu. Mwenzangu wa skuli aliposikia malalamiko yangu alisema, "Punguza upepo." Shauri lenyewe lilikuwa sahihi. Nilivyolitekeleza ndiko nilikoharibu. Nilitoka Chake mchana, nikaegesha juani, nikavua kofia za valvu, kile kichuchu cha kutilia upepo, nikabonyeza kwa ncha ya kalamu huku nahesabu. Hadi kumi kila mpira. Gari bado ikaonekana imesimama wima, nikahesabu kumi tena. Sikuwa na geji, yaani kifaa cha kupimia upepo.

Mpira uliotoka safarini una joto, na hewa yenye joto inasukuma zaidi. Safari ya kawaida inaweza kupandisha kipimo kwa paundi nne hadi sita juu ya kile cha asubuhi. Ukitoa upepo wakati huo, unatoa kitu ambacho si cha ziada. Usiku ukiingia mpira ukapoa, unabaki na upungufu. Nilikuwa sijui hilo, na asubuhi yake gari ilikuwa laini kama kitanda. Mama akapanda akanibariki. Nikajiona nimeelewa gari yangu.

Kuanzia hapo hadi Septemba sikugusa tena mipira. Mpira hata usiotoboka hupoteza upepo wenyewe, paundi moja au mbili kwa mwezi, kwa hiyo ule upungufu niliouanzisha mimi ukawa unaongezeka kimyakimya. Dalili zilikuwepo. Usukani ulikuwa mzito kwenye kona. Petroli ya 20,000 iliyokuwa inanifikisha Alhamisi ikawa inaishia Jumatano asubuhi, nikanung'unika kuhusu bei. Mabega ya mipira ya mbele, yaani kingo zake mbili, yakaanza kuisha huku katikati pamesimama vizuri. Ningejua kusoma ningeona hapo hapo: ukiisha katikati, upepo ulizidi, ukiisha pembeni kote kuwili, upepo ulipungua, ukiisha upande mmoja tu, kuna jambo jingine la kupanga magurudumu.

Kisha ukaja msimu wa karafuu. Asiyekaa Pemba hajui mwezi huo ulivyo. Kila anayeweza kupanda mkarafuu yuko juu ya mkarafuu, mikeka ya kuanikia iko kila mahali, na mwenye gari ni mtu wa watu wote. Nilibeba karafuu kavu za ami, za jirani, za shangazi zangu wa Mtambwe, magunia manne kwa mara moja na watu watatu juu yake, kupeleka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Sijuti kuwasaidia. Najuta kwamba mzigo ule wote ulikuwa unakaa juu ya mipira yenye upepo mdogo kuliko hata unaotakiwa gari ikiwa tupu. Mpira wa namna hiyo ubavu wake unakunjuka na kujikunja kila unapozunguka, na kule kujikunja ndiko kunakotia joto. Unaungua kwa ndani. Kwa nje huoni kitu.

Siku yenyewe hatukuwa na gunia hata moja. Nilikuwa nampeleka mama kliniki Mkoani, na dada yangu yuko nyuma na mtoto wake wa miaka mitatu. Tulishapita Chake, hatujafika Mtambile, tunateremka mteremko, mwendo kama 70. Nikasikia kishindo, halafu mlio wa kitu kinachopigapiga, na nyuma ya gari ikaanza kwenda upande wake. Nikakanyaga breki kwa nguvu. Nasisitiza hili kwa sababu mguu hufanya wenyewe: mpira ukipasuka usikanyage breki kwa nguvu. Shika usukani kwa mikono miwili, nyoosha gari, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, iache ipungue yenyewe. Mimi nilikanyaga, gari ikageuka ubavu, ikavuka upande wa pili wa barabara na kusimama kwenye majani, mbele ya mnazi. Hapakuwa na gari inayopanda wakati ule. Nilikaa na usukani mkononi namsikia mama anasoma shahada. Mtoto hakulia. Mpaka leo nikipita pale mikono inatoka jasho.

Vijana walitoka mashambani wakaja kutusaidia, Mungu awalipe. Wakatoa spea, kale kagurudumu kembamba kanakokaa chini ya zulia la nyuma. Wakakafunga, wakateremsha jeki, na gari ikakaa chini kabisa, ringi inagusa udongo. Spea ilikuwa haina upepo. Tangu gari ifike sikuwahi kuitazama. Kijana mmoja akaipakia kwenye baskeli akaenda kuitafutia upepo, akarudi baada ya saa moja na nusu. Kliniki tukaikosa, miadi ikasogezwa mwezi mzima.

Jioni nilifika Chake kwa fundi mmoja mzee wa mipira ambaye vijana wale walinielekeza. Nilimsalimia, "Shikamoo baba," akaitikia, akautazama mpira uliopasuka bila kuniuliza chochote. Akauvua kwenye ringi, akaugeuza, akaniambia niingize mkono. Ndani palikuwa na unga mweusi, kama masizi ya jikoni, na ubavuni palikuwa na mkwaruzo umezunguka duara zima. Akasema, "Huu haukupasuka leo, mwalimu. Huu umekufa polepole. Leo umezikwa tu." Halafu akavua na ule wa nyuma mwingine, ambao ulikuwa mzima na nilikuwa nimekuja nao kwa furaha. Unga ule ule. Akapima miwili ya mbele iliyopoa: 21 na 23.

Ndipo akanifungulia mlango wangu mwenyewe. Kwenye nguzo ya mwili wa gari, pale mlango wa dereva unapofungia, kuna kibandiko kidogo. Changu kimeandikwa Kijapani, lakini namba ni namba: saizi ya mpira, halafu mbele 230, nyuma 220, na mstari wa pili wa gari yenye mzigo, nyuma 260. Si kila gari ina mstari huo wa mzigo. Zenye nyuma ya kubebea mara nyingi zinao. Namba hizo ni kPa (kilopaskali, kipimo kingine cha upepo), na geji nyingi za huku zinasoma paundi, psi. Fundi alinipa njia ya kichwani ambayo naitumia hadi leo: gawanya kwa 7. Basi 230 ni kama 33, 220 ni kama 31 au 32, 260 ni kama 37 au 38. Ukiona 2.3 badala ya 230, ni kipimo kile kile karibu sawa kwa namna nyingine ya kuandika. Kama kibandiko kimefutika, tazama kitabu cha gari, au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Baadhi ya gari huandikwa huko.

Nilihitaji mipira minne, maana ya mbele nayo mabega yalishakwisha. Sikuwa na pesa ya minne. Nilinunua miwili mipya kwa 150,000 mmoja na miwili ya mtumba kwa 70,000 mmoja, na hapo nusura nifanye kosa jingine. Duka la kwanza walinionyesha mipira "mipya kabisa", inang'aa, bei nafuu. Yule mzee alikuwa amenionya nitafute ubavuni herufi DOT na mwishoni mwake tarakimu nne ndani ya kijiduara kirefu. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ile ya dukani iliandikwa 1814: wiki ya 18 ya mwaka 2014. Haijawahi kufungwa kwenye gari, lakini raba inazeeka hata ikiwa rafuni, tena kwa joto la kwetu. Nikaondoka.

Nikanunua na geji, 15,000. Kati ya vyote nilivyoinunulia gari ile, hiyo ndiyo niliyotakiwa kuinunua kabla sijaenda Mkoani.

Sasa namna ninavyofanya. Ijumaa asubuhi, kabla gari haijasogea na kabla jua halijaifikia, nazunguka na geji na daftari. Mpira unahesabiwa kuwa umepoa gari ikiwa imekaa saa tatu au zaidi bila kwenda, au imekwenda chini ya kilomita mbili kwa mwendo mdogo. Hapa kwetu hatuna majira ya baridi kali ya kushusha vipimo, lakini jua tunalo. Kila nyuzi tano au sita za joto zinapandisha karibu paundi moja. Nimewahi kuegesha upande mmoja kivulini mwa mwembe na upande wa pili juani. Saa 5 mipira ya juani ilisoma 3 zaidi ya ya kivulini, na alfajiri yote ilikuwa sawa. Mtu angepima mchana ule angetoa upepo upande mmoja na kuiharibu gari iliyokuwa nzima.

Tatizo lililonisumbua sana lilikuwa hili: pampu iko kilomita nne kutoka nyumbani. Nikifika mipira imeshapata moto, sasa nijaze hadi ngapi? Jibu ni rahisi ukishalijua. Pima nyumbani ikiwa baridi, andika kila mpira unapungukiwa na ngapi. Ukifika kwenye pampu, pima tena, kisha ongeza upungufu ule ule juu ya unachokisoma. Mfano wa kwenye daftari langu: mbele kulia nyumbani 29, unatakiwa 33, pungufu 4. Kwa fundi wa pampu ukasoma 31. Nikamwambia atie hadi 35. Kesho yake alfajiri ulikuwa 33. Fundi alinishangaa, lakini alitia.

Na tumia geji yako, sio ya kwenye pampu. Niliwahi kulinganisha sehemu tatu kwa siku moja, mpira mmoja, kipimo changu kinasema 32: pampu ya kwanza ikasema 32, ya pili 35, ya tatu 26. Zile geji zinaanguka, zinakanyagwa, zinanyeshewa. Hata yangu inaweza kuwa na kosa lake, ila kosa la geji moja ni lile lile kila wiki, na kinachokuambia kitu ni mabadiliko.

Hayo mabadiliko ndiyo yaliyolilipa daftari langu. Mwezi wa pili wa kuandika niliona nyuma kushoto inashuka 3 kila wiki huku wenzake wako palepale. Kwa macho, hakuna kitu. Nilichukua maji ya sabuni kwenye kopo nikapaka: kwenye kukanyagia, ubavuni, pembeni mwa ringi, mwisho kwenye valvu. Mapovu yakatoka kwenye shina la valvu, madogo madogo, pole pole. Raba yake ilikuwa imepasuka kwa uzee. Valvu mpya na kazi yake, 5,000. Na ndilo gurudumu lile lile ambalo mpira wake wa zamani ami alisema bandarini kuwa "umelala kidogo". Kwa kuwa valvu huzeeka pamoja na mpira, ukibadilisha mpira badilisha na valvu yake siku hiyo hiyo. Mimi sikuambiwa, na sikuuliza.

Nilipopata nafuu kidogo nikavutiwa na vile vikofia vyenye kipimo, unavifunga juu ya valvu nne na kijiskrini kidogo unakiweka mbele ya kioo, kinachajiwa kwa jua. 85,000, niliagizishia Dar es Salaam. Kwa miezi kadhaa nilivipenda sana. Unaona kwa macho yako mpira unavyopanda kutoka 33 hadi 37 ukifika Chake, na unaelewa kwa nini usitoe upepo njiani. Lakini sisi tumezungukwa na bahari, na chumvi haina huruma na chuma. Nilipotaka kubadilisha betri ya kimoja, kilikuwa kimeshikana na valvu kama kimechomelewa. Fundi akatumia koleo, shina likakatika, upepo wote ukatoka kwa mlio mmoja. Tangu hapo navivua kila mwezi, nasafisha nyuzi, napaka grisi kidogo sana. Ukiweza hilo, vinunue. Ukijijua kuwa huwezi, kaa na geji.

Watu wenye gari za karibuni huniambia wao hawahitaji yote haya, wana taa kwenye dashibodi, ile ya umbo la kiatu cha farasi lenye alama ya mshangao. Marekani gari mpya ndogo zote zinatakiwa kuwa na mfumo huo tangu Septemba 2007, na Ulaya tangu Novemba 2014. Ni mfumo mzuri. Lakini sheria ya Marekani inataka taa iwake upepo ukishapungua robo nzima. Yaani mpira wa 33 unaweza kufika 25 kabla hujaambiwa. Mipira yangu ya mbele ilikuwa 21 na 23 siku ile. Kwa hiyo ingeniwakia, ndiyo, lakini baada ya wiki nyingi za kuungua kwa ndani. Mwenzangu mmoja taa yake ilikuwa inamemeteka kama dakika moja kila akiwasha gari, halafu inabaki imewaka. Akajaza upepo, akajaza tena, haizimi. Kumemeteka kwanza ni dalili kuwa mfumo wenyewe una hitilafu, na kwake ilikuwa betri ya kifaa kilicho ndani ya gurudumu, ambayo huisha baada ya miaka kadhaa na gari ilishafika miaka kumi. Nyingine hazina kifaa ndani ya gurudumu kabisa. Zinakisia kwa kulinganisha mzunguko wa magurudumu, kwa hiyo yote manne yakipungua kwa pamoja zinaweza zisione kitu. Yangu haina mfumo wowote, kama gari ndogo nyingi zinazotufikia kutoka Japani.

Msimu wa karafuu uliofuata nilipandisha nyuma hadi 37 kila siku ya mzigo, asubuhi kabla ya kupakia, na jioni ya mwisho nikarudisha 32. Magunia matatu badala ya manne. Shangazi mmoja alikasirika kidogo kwa lile gunia lililobaki, nilirudi kulichukua.

Mama amekubali kupanda tena. Ilichukua muda, na sikumlazimisha. Sasa Ijumaa akiniona nimeinama nje na daftari hutokeza dirishani na kuuliza, "Na ule mdogo?" Anauliza spea. Ile nyembamba inataka 60, si 33. Imeandikwa juu yake, 420 kPa, na isiendeshwe zaidi ya 80 kwa saa. Naipima kila mwisho wa mwezi, na kila mara mama hungoja nimsomee namba.

Mdogo wangu nimeshamnunulia geji ya kwake. Siku meli ikifika nitatoka Wete alfajiri na ya kwangu mfukoni. Mipira itakuwa imelala usiku kucha bila kwenda popote, kwa hiyo tutaipima palepale bandarini, yote mitano, kwa geji zote mbili, kabla hajawasha gari.